Mkandarasi wa bustani kanipandia majani, nusu yamekufa, na bado anadai 1,200,000 iliyobaki

mkazi_madale

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho maana jambo lina vipengele vingi.

Nina nyumba Madale. Mbele na ubavuni kuna eneo wazi la mita za mraba 300, ambalo tangu tuhamie lilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwezi wa pili nilimpata mkandarasi wa bustani, mtu mwenye ofisi na vijana wake wa kazi. Alikuja, akapima, akanitumia makadirio kwa WhatsApp. Nayaweka hapa kama yalivyo:

"Kuondoa kifusi na magugu. Kuleta udongo mweusi wenye mboji, unene sm 15. Kusawazisha kwa mteremko kuelekea getini. Kupanda ukoka nafasi sm 10 kwa 10. Kumwagilia wiki mbili za mwanzo. Bei 12,000 kwa mita ya mraba, jumla 3,600,000. Malipo 2,400,000 kabla ya kazi, 1,200,000 majani yakishika."

Nilimjibu kwamba nimekubali na nikamtumia pesa kwa simu. Kazi ilifanyika mwanzoni mwa Machi. Mvua zikaja, ukijani ukatokea, nami nikafurahi sana. Mvua zilipokata mambo yakaanza kujitokeza. Upande wa ukuta wa jirani majani yamekauka mkanda mzima, ukikanyaga yanavunjika. Mbele ya baraza ni kinyume chake: maji yanatuama, mvua kubwa ya Mei iliingia hadi kwenye vigae vya baraza, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya kazi hii. Na eneo lote limejaa ndago. Ndago hazikuwepo hapa. Zilikuwepo mbigili na majani ya kawaida, ila ndago hapana.

Nilimwita aje aone. Alikuja, akatembea dakika chache, akasema sikumwagilia vya kutosha, ndago ni kawaida, na maji kutuama ni "tabia ya eneo". Anataka 1,200,000 yake. Kupanda upya nilipie pembeni. Juzi ametuma ujumbe wa sauti kwamba nisipolipa hadi mwisho wa mwezi ataleta vijana wang'oe majani yao.

Nimemwagilia kila jioni kwa maji ya tenki, na mpira ni huohuo kwa eneo lote. Kinachoniuma ni kwamba kila ninapoongea naye tunaishia kwenye "umemwagilia, sikumwagilia", na mimi nabaki sina cha kushika. Naomba msaada kwa wenye utaalamu wa majani na wa sheria pia.

FundiBustani

Pole dada. Hii ndiyo kazi yangu, naifanya Mbezi Beach, Mikocheni na huko kwenu Madale, na nitaongea bila kumpendelea mwenzangu wa kazi.

Acha kabisa mjadala wa kumwagilia, hauna mwisho. Makadirio aliyokuandikia yana vitu vitatu vinavyopimika leo hii: unene wa udongo, nafasi ya kupandia na mteremko. Pima hivyo.

Unene: chukua panga au sururu ndogo, chimba vishimo vyembamba sehemu mbalimbali, ukutani, katikati na mbele ya baraza. Udongo mweusi ulioletwa utauona unapoishia na wa zamani unapoanza, rangi zinaachana waziwazi. Weka rula ndani ya kishimo, piga picha.

Nafasi: nenda kwenye ule mkanda uliokauka. Pale ukoka haukutambaa, kwa hiyo mashina yaliyopandwa bado yanaonekana yalipo. Funga kamba kwenye vijiti vinne upate mraba wa mita 1 kwa mita 1, hesabu mashina ndani yake. Nafasi ya 10 kwa 10 inatoa mashina 100 kwa mita ya mraba.

Mteremko: tafuta ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mafundi ujenzi wanautumia kupata level. Ujaze maji, mtu mmoja ashike barazani, mwingine getini. Bustani inatakiwa ishuke kutoka kwenye nyumba angalau sentimita 2 kwa kila mita. Kutoka baraza hadi geti ni mita ngapi?

Halafu niambie, udongo uliletwa na gari gani, na trip ngapi?

Mzee wa Goba

Binti yangu, mimi nimejenga na nimegombana na mafundi wa kila aina. Milioni moja na laki mbili si kidogo, lakini ugomvi na mtu anayejua geti lako lilipo nao una gharama. Mwite na mjumbe, mpe nusu, yaishe. Majani utapanda mwenyewe taratibu, ukoka haufi hivihivi, ukipata maji unarudi.

mkazi_madale

Shikamoo mzee wangu. Ushauri wako nauheshimu na nimeufikiria usiku kucha. Tatizo ni kwamba nikimpa nusu, maji bado yataingia barazani masika ijayo na ndago zitabaki. Nitakuwa nimelipia kazi ambayo lazima niibomoe. Na wale vijana waliofanya kazi hapa, nimesikia kutoka kwa mmoja wao kwamba hawajamaliziwa posho zao, wanaambiwa "mama hajalipa". Sitaki mtoto wa mtu akose chakula kwa jina langu. Nataka ijulikane wazi nani anadaiwa nini.

@FundiBustani, kutoka baraza hadi geti ni mita 12. Udongo uliletwa na Fuso, trip 3. Mlinzi wetu anaandika kila gari linaloingia kwenye daftari lake, na trip zote tatu zimo, zina tarehe na saa. Kesho napima.

mwanasheria_kijana

Dada, hebu nikuondolee hofu ya kisheria kwanza.

Una mkataba. Watu wengi wanadhani bila karatasi yenye mhuri hakuna mkataba, si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kufanya mkataba, kwa malipo halali na lengo halali. Yeye kaandika makadirio, wewe umekubali, pesa imetembea. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi. Usifute chochote. Usibadilishe simu. Ule ujumbe wa sauti wa vitisho hasa, utunze.

Kifungu cha 73 cha Sheria hiyohiyo ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Ila kuna jambo wengi wanalisahau: mahakama itaangalia pia kama ulichukua hatua za kawaida kuzuia hasara isikue. Kwa hiyo endelea kumwagilia. Maji yakianza kuelekea barazani chimba mfereji mdogo, piga picha, hifadhi risiti. Usiache kitu kife ili dai liwe kubwa.

Kuhusu kung'oa majani: akiingia kwako bila ruhusa kwa nia ya kutisha au kuharibu, hilo ni suala la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Mwambie kwa maandishi, kwa upole, kwamba haruhusiwi kuingia bila miadi, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa.

Ikishindikana, dai kama hili linaanzia Mahakama ya Mwanzo. Huko shauri linaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe. Una miaka 6 ya kufungua dai la mkataba, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia. Anza na barua ya madai, mpe siku 14 za kujibu.

Mnairobi

Salamu kutoka Nairobi. Hapa kwetu jambo kama hili tungelipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo imewekwa na sheria ya mwaka 2016 na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ndugu yangu aliitumia kwa fundi wa kabati za jikoni. Kilichomsaidia ni picha zenye tarehe na kipimo kwenye makadirio. Mlalamikiwa alipoulizwa kama kipimo kile ni chake, hakuwa na la kusema.

Nashukuru kwamba mkandarasi wako aliandika sentimita. Wetu wengi huandika "kupanda nyasi" basi, na hapo hata hakimu hana pa kuanzia.

mkazi_madale

Nimepima. Tulikuwa mimi, mlinzi na jirani yangu ambaye ni fundi ujenzi, yeye ndiye aliyeleta mpira wa level.

Vishimo mbele ya baraza, udongo mweusi ni sentimita 6. Katikati 5. Kwenye mkanda uliokauka ni 3 tu, na chini yake panga lilikuwa linagonga vipande vya tofali na zege. Kifusi hakikuondolewa, kimefunikwa. Niliinama nikachomoa kipande cha kigae cha bafuni kwetu, cha bluu, tulichokitupa wakati wa ujenzi. Juu yake mzizi wa ukoka ulikuwa umejikunja kama mkono uliokunja ngumi, haukuwa na pa kwenda.

Kwenye mraba wa mita 1 nilihesabu mashina 16. Nikarudia sehemu nyingine ya mkanda, jibu lilelile. Na nimepata picha niliyompiga mwanangu siku ya kupanda, mistari ya mashina inaonekana nyuma yake na nafasi ni pana.

Level: ardhi inatakiwa ishuke kwenda getini. Kinyume chake, mbele ya baraza ni chini kwa sentimita 7 kuliko katikati ya bustani. Maji hayana njia isipokuwa kurudi nyumbani kwangu.

FundiBustani

Sasa umeshika kitu.

Twende na hesabu. Mita za mraba 300 kwa unene wa sm 15 ni mita za ujazo 45. Bodi la Fuso pima mwenyewe ukiweza, magari hayalingani, lakini tuchukue lenye urefu wa mita 4, upana 2, kimo sentimita 70. Hiyo ni mita za ujazo 5.6. Trip 3 ni 16.8. Utandaze kwenye mita 300, unapata sm 5.6, na udongo ukishapata mvua unashuka kidogo. Ndicho kipimo ulichokikuta. Ili afikishe sm 15 alitakiwa alete trip 8. Kwa hiyo vishimo vyako na daftari la mlinzi vinasema neno moja, na hakuna hata kimoja kinachohusiana na kumwagilia.

Mashina 16 kwa mita ya mraba ni nafasi ya 25 kwa 25. Kalipwa kwa mashina 100, kapanda 16. Ukoka utatambaa, ni kweli, lakini kwa nafasi hiyo unachukua muda mrefu sana kufunga, na ardhi inayobaki wazi ndiyo ndago zinaikalia.

Ule mkanda wa ukutani umekauka kwa sababu sm 3 za udongo juu ya zege haziwezi kutunza maji hata siku moja ya jua la Dar. Ungemwagilia asubuhi na jioni, bado ungekauka.

Niseme na upande wa pili, maana haki ni haki. Kwa bei ya 12,000, kutoa kifusi, kuleta udongo trip 8 na kupanda kwa 10 kwa 10, mimi nisingeichukua kazi hiyo. Nadhani aliandika vipimo vizuri ili apate kazi, akijua atapunguza. Jambo hili linaniudhi sana kwa sababu sisi tunaoandika bei ya kweli tunaonekana ghali. Lakini usimdai zaidi ya alichoandika. Mdai alichoandika.

mwanasheria_kijana

Nakubaliana na hesabu, ila kwenye bei natofautiana kidogo na @FundiBustani. Kwamba bei ilikuwa ndogo ni hasara ya mkandarasi, si utetezi. Aliyekadiria ni yeye, na ndiye mwenye ujuzi. Mahakamani akisema "kwa bei ile isingewezekana", atakuwa amekiri kwamba hakufanya.

Na kuhusu 1,200,000: maneno yake mwenyewe yanasema ilipwe "majani yakishika". Hayajashika. Kwa hiyo leo hana dai, wewe ndiwe mwenye dai. Andika hivyo kwenye barua, na uambatishe picha za vishimo, ukurasa wa daftari na ile picha ya mtoto.

Afisa Ugani

Nichangie kwenye ndago, maana hapo ndipo nimeona watu wakiharibu bustani zao wakidhani wanaziponya.

Ndago ina viazi vidogo chini, vimeunganishwa kwa nyuzi kama tasbihi. Ukiing'oa juu, nyuzi zinakatika, viazi vinabaki, na kila kimoja kinatoa mmea wake. Ukilima kwa jembe unavitawanya. Kwa hiyo @mkazi_madale usikubali vijana waje "kupalilia". Na usikubali udongo mpya umwagwe juu ya ndago zilizopo, zitapenya.

Udongo mweusi unaouzwa mjini mara nyingi unachimbwa mabondeni, na mabondeni ndago ni nyumbani kwake. Ndiyo maana zimekuja sehemu yote kwa wakati mmoja. Kabla ya kupokea udongo mwingine, nenda uuone unapochimbwa. Chukua ndoo moja, umwage kivulini, unyeshee maji, subiri wiki mbili uone kinachoota. Ni njia rahisi kuliko zote.

Kwa zilizopo, kama eneo litafanyiwa kazi upya, ziache ziote zote zikiwa kijani kibichi, kisha zipigwe dawa ya glaifoseti, ambayo inashuka kupitia majani hadi chini. Zitaota tena kutoka kwenye viazi vilivyolala, zipigwe mara ya pili. Ndipo udongo uingie. Fahamu kwamba dawa hiyo inaua na ukoka. Sehemu ambazo ukoka umeshika vizuri na hutaki kuupoteza, kuna dawa zinazochagua jamii ya ndago peke yake, uliza duka la pembejeo, na hakikisha imesajiliwa na mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Watoto na kuku wasikanyage hadi ikauke kabisa.

Kitu kingine, kuna mti mkubwa hapo? Ukoka unataka jua la kutosha, chini ya mwembe hautashika hata ukiwa na udongo wa sm 30. Hapo pandeni majani ya Pemba, yanavumilia kivuli.

mkazi_madale

Kuna mwembe kona ya ubavuni, ndiyo. Hapo nimeelewa, hilo sitamlaumu yeye.

Mzee wa Goba

Nimefuatilia. Binti, sasa hivi ninavyoona hizi hesabu, narudisha neno langu la nusu kwa nusu. Ila bado nashikilia la kumwita na mjumbe. Mpe nafasi ya kurekebisha kabla ya mahakama. Mtu akiwekewa rula mbele yake hawezi kupiga kelele.

mkazi_madale

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nilimwandikia barua kama mlivyonielekeza, kurasa mbili, na picha. Hakujibu kwa maandishi, alipiga simu, sauti ya chini kuliko siku zote, akaomba tukutane. Nikamwambia sawa, lakini mbele ya mjumbe na jirani yangu fundi.

Alianza na yaleyale ya maji. Sikubishana. Nilimpa panga na rula nikamwomba achague mwenyewe pa kuchimba, popote anapotaka. Alisimama muda mrefu. Akachagua mbele ya baraza, nadhani alijua pale ndipo udongo ulimwagwa mwingi. Ikatoka 6. Mjumbe akamsomea makadirio yake kutoka kwenye simu yangu: sm 15. Akakaa kwenye ngazi.

Hapo ndipo alipoeleza. Alikuwa amechukua pesa yangu akamalizia kazi ya mtu mwingine aliyekuwa hajamlipa, na ilipofika zamu yangu ya udongo pesa haikutosha. Nilimhurumia, kweli kabisa. Lakini nilimwambia kwamba huruma yangu haiwezi kuzuia maji kuingia ndani.

Tumeandikiana, mjumbe na jirani wamesaini kama mashahidi:

Ataondoa kifusi kwenye mkanda wa ukutani kwa gharama yake. Ndago zitapigwa dawa mara mbili kama alivyosema Afisa Ugani, dawa nanunua mimi kwa hiari yangu. Ataleta trip 5 za udongo zilizobaki, na tutaenda wote kuuona unapochimbwa. Atarekebisha mteremko, kipimo ni sm 24 kutoka baraza hadi geti, kikaguliwe kwa mpira kabla ya kupanda. Ukoka utapandwa 10 kwa 10, na chini ya mwembe Pemba. Mimi nitalipa 600,000 udongo ukishapimwa, na 600,000 ya mwisho majani yakifunga. Katika ile ya kwanza, posho za vijana wanne nitawatumia moja kwa moja kwenye simu zao, yeye apokee kinachobaki. Hilo la vijana nililikazania, naye akakubali.

mwanasheria_kijana

Hongera. Nina marekebisho mawili kabla hamjaanza. "Majani yakifunga" maana yake nini? Andikeni kipimo: kwa mfano, kwenye mraba wa mita 1 popote atakapouweka mjumbe, udongo usionekane. Na wekeni tarehe ya mwisho ya kila hatua. Bila tarehe mtu anaweza kuleta udongo mwaka ujao na akawa hajavunja kitu.

FundiBustani

Kwenye tarehe zingatieni msimu. Mkimaliza ndago na udongo kufikia Septemba, pandeni vuli zikianza, Oktoba au Novemba, mvua isaidie kumwagilia. Msipande sasa hivi kiangazi kwa haraka, mtagombana upya. Na samadi wakiileta, iwe imeoza kabisa, ukiishika iwe baridi na isinuke. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

mkazi_madale

Nimeongeza vyote, tarehe na ule mraba, tumesaini tena jana jioni. Udongo mwisho 20 Septemba, kupanda mwisho 10 Novemba. Mjumbe amebaki na nakala moja. Kijana wake mmoja ameanza leo kutoa zege ukutani kwa sururu, na rundo limeshafika kiunoni.

FundiBustani

Lisiachwe hapo uani, dada. Litoke nje ya geti kabla ya udongo kuingia, na mlinzi aandike gari litakalolibeba.